Stesheni tatu, mama mkwe mmoja

SWALI: Shikamoo mzee. Mwaka 2014 nilitumwa na mke wangu kumpokea mama yake anayekuja na treni kutoka Ifakara. Alfajiri nikawa Stesheni, pale mjini, shati nimechomekea. Treni ikaingia, wakashuka watu wa ofisini na vimkoba vyao, hakuna hata mmoja mwenye tenga la kuku. Nikasubiri hadi saa nne. Kumbe mama mkwe yuko Tazara, amekalia gunia lake la mchele, ananisema kwa kila anayepita. Mpaka leo nasimangwa. Sasa tumepata na stesheni ya tatu, ya treni ya umeme. Hivi kwa nini jiji moja liwe na stesheni kubwa tatu, na treni ya huku isiweze kufika kule?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Waliokupita na vimkoba walikuwa wameshuka kwenye treni ya Mwakyembe, iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ile iliyoanza Oktoba 2012 kuleta watu mjini kutoka Ubungo. Ungesubiri hata wiki nzima, mama mkwe asingetokea pale. Mimi nimekuwa gadi wa treni Reli ya Kati miaka 28, na abiria waliokosea kama wewe nimewaelekeza mpaka nimechoka.

Nianze na kijiti. Miaka ya tisini nilikuwa Kidatu, ambako tawi letu la kutoka Kilosa linakutana na reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia. Fundi njia mmoja alikuwa na kijiti cha mti alichokikata sawasawa na upana wa njia yetu, mita moja kamili, tukiupima ndani kwa ndani ya vyuma. Akaniambia, njoo uone. Akakiweka kwenye njia ya TAZARA, ncha moja ikagusa chuma, ya pili ikabaki hewani. Nikapenyeza mkono kwenye ule mwanya: vidole vitatu vikaingia, cha nne kikakwama. Basi mwanangu, huo mwanya wa milimita 67 ndio uliokunyima mama mkwe. Magurudumu ya behewa letu hayakai kwenye njia yao, wala ya kwao hayakai kwenye yetu. Pale Kidatu mizigo ilibidi ihamishwe, ishuke huku na kupandishwa kule.

Ukitaka kujua kila upana ulitoka wapi, uliza kila stesheni ilikuwa inatazama wapi ilipojengwa.

Ya mjini ilitazama Ziwa Tanganyika. Wajerumani walianza reli hiyo mwaka 1905, karibu kabisa na bandari, kwa sababu shida yao ilikuwa mzigo kutoka bara uingie melini. Walifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Njia ya mita moja ni rahisi kujenga, na inakata kona kali bila kudai tuta pana. Walikuwa wamepanga maonyesho makubwa Dar es Salaam Agosti 1914, sherehe ya reli kufika ziwani. Mwezi huohuo vita ikaanza, sherehe ikafa. Lakini meli yao ya ziwani, Götzen, ilikwishapita kwenye reli hiyo, imefunguliwa vipandevipande ndani ya makasha, kwenda kuunganishwa Kigoma. Ndiyo hiyo MV Liemba mnayoisikia. Waingereza nao walikuwa wamejenga ya Mombasa kwa mita hiyohiyo moja, kwa hiyo baadaye kuunganisha hakukuwa na kazi. Ilipowekwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi mwaka 1963, ukitoka Dar ulifika Moshi bila kubadili behewa.

Tazara ilitazama kusini, na ilijengwa kwa haraka ya mtu aliyefungiwa mlango. Mwaka 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na shaba ya Zambia ilikuwa inapita kwake. Mwalimu na Kaunda wakatafuta wa kuwajengea reli. Wakubwa wa Magharibi walisema haitalipa. Wachina wakakubali 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ikaanza 1970, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikaisha 1975, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa. Wataalamu wa Kichina waliofia kazini tunao, makaburi yao yako Gongo la Mboto. Upana ni milimita 1,067 kwa sababu ndio wa Zambia na nchi zote za kusini hadi Cape Town. Kama ingewekwa ya mita moja, ingeungana na sisi na kukwama Zambia, na safari yenyewe ilikuwa ya Zambia.

Nasema ukweli, ingawa wenzangu wa Reli ya Kati hawatapenda: kwa ukubwa, jengo la Tazara lilitushinda. Ule ukumbi mpana na dari lake la juu, ukikohoa unajisikia mwenyewe. Siku hizi makondakta wakiita “Tazara!” vijana wanafikiria makutano ya barabara na Daraja la Mfugale.

Ya tatu nayo iko jirani na ile ya kwanza, umbo lake limechukuliwa kwenye jiwe la tanzanite. Safari za Morogoro zilianza Juni 2024, za Dodoma mwezi uliofuata. Upana ni milimita 1,435, yaani umezidi wetu kwa karibu dhiraa nzima, pima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, behewa linataka kukanyaga pana. Nimeipanda. Imenyooka, safi, ila kununua kuku dirishani, kama tulivyozoea stesheni ya Saranda, usahau, dirisha lenyewe halifunguki.

Kwa hiyo, mwanangu, mgeni akikuambia anakuja na treni, usiulize anafika saa ngapi. Uliza amepandia wapi. Akisema Ifakara, Mlimba au Makambako, geuza gari uelekee Tazara. Na gunia la mchele ulibebe mwenyewe.