Namba Tisa Anayerudi Nyuma: Je, Mabeki Wakishamzoea?

SWALI

Bwana Mhariri, mimi ni kocha wa timu ya vijana katika mtaa wa Umoja hapa Nairobi. Tangu msimu uanze tumeacha kumweka mshambuliaji wa kati karibu na lango la wapinzani. Kijana anayevaa jezi namba tisa hurudi hadi katikati ya uwanja na kupokea mpira huko, huku mawinga wawili wakikatiza kuingia ndani. Tulishinda mechi tano mfululizo kwa mtindo huo. Katika mechi mbili zilizopita, hata hivyo, mabeki wa kati wa wapinzani hawakutoka mahali pao, kiungo wao mmoja akamganda kijana wetu kama ruba, nasi hatukupata hata bao moja. Wazee wanaotazama mechi zetu wanasema kwamba ulikuwa ujanja wa siku chache na sasa tumejulikana. Je, mfumo usio wa kawaida unaweza kuendelea kufaulu baada ya mabeki kuuelewa, au nimrudishe straika mbele kama zamani?

Kocha, Umoja

JIBU

Ndugu Kocha, usimrudishe straika mbele kwa sababu ya mechi mbili. Wazee wako wamesema kweli katika jambo moja, kwamba mshangao huisha, na katika ligi za mitaani, ambako kila timu ina mtu wa kwenda kuwatazama wapinzani siku ya Jumapili, huisha upesi. Lakini mfumo unaoutumia haukuwahi kutegemea mshangao peke yake. Nguvu yake ni kwamba humtwika beki wa kati uamuzi wenye hasara pande zote mbili: akimfuata namba tisa, anaacha uwazi mgongoni pake, akibaki, namba tisa anapokea mpira akiwa huru, anageuka, na anaitazama safu nzima ya ulinzi ikiwa mbele yake. Beki anaweza kuelezwa jambo hilo tangu Jumatatu hadi Ijumaa na bado Jumamosi asipate jibu lisilo na gharama.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani sana, nao unajibu swali lako karibu lote. Tarehe 25 Novemba 1953, Hungaria iliifunga Uingereza mabao 6 kwa 3 katika uwanja wa Wembley, na matatu kati ya hayo sita yalifungwa na Nándor Hidegkuti, aliyevaa jezi namba tisa lakini akacheza nyuma ya washambuliaji wenzake, Puskás na Kocsis. Waingereza walikuwa wamezoea, tangu sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925 na mabeki wakapangwa upya, kwamba beki wa kati mwenye namba tano humkaba namba tisa wa upande wa pili. Siku hiyo beki wao, Harry Johnston, hakujua kama amfuate Hidegkuti au alinde mahali pake. Mtu anaweza kusema kwamba huo ulikuwa mshangao tu. Sawa, lakini miezi sita baadaye, tarehe 23 Mei 1954, timu hizo zilikutana tena mjini Budapest, Waingereza wakiwa wamekwisha kuona kila kitu kwa macho yao, na Hungaria ikashinda mabao 7 kwa 1. Hidegkuti alifunga tena. Kujua swali hakukuwapa jibu.

Waliopata jibu ni Wajerumani Magharibi, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, tarehe 4 Julai 1954. Kazi ya kumkaba Hidegkuti alipewa Horst Eckel, kiungo mwenye mapafu ya kukimbia mchana kutwa, ili beki wa kati asihitaji kuondoka mahali pake. Hungaria, ambayo haikuwa imeshindwa katika mechi ya kimataifa tangu 1950, ilifunga mabao mawili ndani ya dakika nane za kwanza, kisha ikapoteza kwa 3 kwa 2. Nisingependa uamini kwamba Eckel peke yake ndiye aliyelipindua pambano hilo, kwa maana mvua ilikuwa ikinyesha na Puskás alikuwa ametoka kuumia. Hata hivyo, ukimtazama Eckel utamtambua mara moja: ndiye yule kiungo anayemganda kijana wako.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapo ndipo dawa yako ilipo. Ukiwaondoa makipa, wachezaji ni kumi kwa kumi. Mabeki wawili wa kati wakibaki nyuma bila mtu wa kumkaba, wenzao wanane wanapambana na kumi wa kwako, na mmoja wa hao wanane amejifunga kwa kijana wako kama mbuzi kwa kamba. Kamba hiyo ina ncha mbili. Mwambie namba tisa asisimame katikati akingoja mpira, bali atembee pembeni, hata hadi kwenye mstari, amburute mkabaji wake huko, na kiungo wako mwingine apande mara moja kuingia pale palipoachwa. Ninashuku, kutokana na maelezo yako, kwamba katika mechi hizo mbili viungo wako waliendelea kumtafuta namba tisa kwa pasi ilhali yeye ndiye mchezaji pekee aliyekuwa amekabwa barabara. Hilo ni kosa la kawaida kabisa, nalo huzaliwa na mazoea ya ushindi: pasi iliyofaulu katika mechi tano huendelea kutolewa katika mechi ya sita, hata mlango ukiwa umefungwa.

Jambo la pili ni mbio za kutoka nyuma, na hili ningekuomba ulifanyie mazoezi kuliko mengine yote. Uwazi ambao namba tisa anauacha mbele ya lango hauna faida yoyote ikiwa hakuna mtu wa kuujaza. Uhispania ilicheza baadhi ya mechi za fainali za Mataifa ya Ulaya za 2012 bila mshambuliaji wa kati, Cesc Fàbregas, ambaye ni kiungo, akiwekwa mbele. Katika mechi ya kwanza, Italia ilipanga mabeki watatu na kumweka Daniele De Rossi katikati yao, na mechi ikaisha 1 kwa 1, Uhispania ikimiliki mpira mwingi mbele ya mabeki hao bila kuwapenya ipasavyo. Bao lake moja lilipatikana pale Fàbregas alipoacha kungoja na kukimbia kuingia katika eneo la hatari. Walipokutana tena katika fainali ya Kyiv, tarehe 1 Julai, Uhispania ilishinda 4 kwa 0. Bao la kwanza lilitokana na Fàbregas kukimbia hadi karibu na mstari wa mwisho na kumrudishia mpira David Silva, aliyefunga kwa kichwa. La pili lilifungwa na Jordi Alba, beki wa kushoto, aliyetoka nyuma kabisa na kuipokea pasi ya kiungo Xavi akiwa tayari katika kasi ambayo hakuna beki aliyesimama angeweza kuifikia. Ni kweli kwamba Italia ilimaliza na watu kumi kwa sababu ya jeraha, lakini mabao hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuingia. Mfumo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni nani alikimbia, na kutoka wapi.

Mtu wa namna hiyo unaye? Ukinijibu kwamba mabeki wako wa pembeni hawana pumzi ya kupanda na kurudi, basi nitakubaliana na wazee wako kwa sehemu, kwa maana namba tisa anayerudi nyuma bila mtu wa kumpita ni timu iliyojipunguzia mshambuliaji mmoja.

Usimtupe straika wako, hata hivyo. Mfumo huu hula pasi fupi za haraka, na pasi hizo hutiririka vizuri kwenye nyasi bandia za Camp Toyoyo kule Jericho kuliko kwenye uwanja wa udongo mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikishageuza katikati ya uwanja kuwa tope. Siku kama hiyo, au mnapohitaji bao katika dakika kumi za mwisho na mnapata kona nyingi, straika wako aingie. Wapinzani wakijua kwamba unaweza kubadilisha, itawabidi wafanye mazoezi ya mambo mawili badala ya moja, na muda wao wa mazoezi hauongezeki.

SWALI

Bwana Mhariri, mimi ni wingibeki wa kulia, yaani beki wa pembeni anayepanda kama winga, katika timu ya wasichana hapa Kayole. Tunacheza na mabeki watatu, na sisi wa pembeni tunapanda juu sana. Mtindo huo ulitupa ushindi mwingi, lakini sasa timu mbili zimetuiga na kupanga vilevile dhidi yetu, na mechi zimekuwa ngumu mno. Mfumo ukishaigwa, umekufa?

Msomaji, Kayole

JIBU

Dada, haujafa, ila faida mliyokuwa nayo kwa sababu ya mpangilio peke yake imekwisha. Chelsea ya Antonio Conte ilipitia njia hiyo hiyo. Baada ya kufungwa 3 kwa 0 na Arsenal tarehe 24 Septemba 2016, Conte aliingia katika mfumo wa mabeki watatu, akamfanya Victor Moses, Mnigeria aliyekuwa winga, kuwa wingibeki wa kulia kama wewe, na timu ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo. Tottenham iliukata mlolongo huo tarehe 4 Januari 2017 kwa mabao 2 kwa 0, ikiwa nayo imepanga mabeki watatu, Dele Alli akifunga yote mawili kwa kichwa kutokana na krosi za Christian Eriksen. Arsène Wenger, kocha wa Arsenal wakati huo, naye akaingia katika mabeki watatu mwezi wa Aprili na kuishinda Chelsea 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la FA. Hata hivyo, ligi ilichukuliwa na Chelsea kwa pointi 93, wakati kila mtu nchini Uingereza alikuwa amekwisha kuujua mfumo wake.

Timu mbili zikipanga sawasawa, kila mchezaji hukutana na mwenzake, na uwanja hugeuka kuwa mapambano ya mtu na mtu. Wewe unakimbizana na wingibeki wao wa kushoto dakika tisini, na asiyechoka ndiye anayefaidi. Njia ya kulivunja pambano hilo ni kumtoa nyuma mchezaji ambaye hakuna aliyepangiwa kumkaba kwa mbali: beki wenu wa kulia kati ya wale watatu. Auchukue mpira na kupanda nao mwenyewe hadi mtu fulani wa upande wa pili alazimike kumwacha aliyekuwa akimkaba ili amzuie, na pasi iende papo hapo kwa aliyeachwa. Mwambie kocha wenu ajaribu upande mmoja tu kwanza, upande ule wenye beki mtulivu zaidi akiwa na mpira, na beki huyo anapopanda, wewe ubaki nyuma mpaka arudi.