Vipaji vya kupiga muziki vipo, kilichopotea ni mazoezi ya pamoja

Wakuu, mleta mada anauliza kama wanamuziki wa Bongo Fleva hawana vipaji wakilinganishwa na wale wa Msondo na Sikinde, bendi kongwe za muziki wa dansi. Nimepiga gitaa la rhythm kwenye bendi za dansi hapa Dar tangu mwishoni mwa miaka ya 80, na siku hizi vijana huniita studio. Vipaji vipo, tena vingi. Tofauti naiona kwenye nani anamlipa mpigaji na wimbo unarekodiwaje.

NUTA Jazz, ndiyo Msondo yenyewe, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilianza 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi, JKT na Shirika la Bima nao walikuwa na bendi zao. Vyombo ni vya mwajiri, mshahara mwisho wa mwezi, kwa hiyo bendi iliweza kubeba watu kumi na zaidi, wapulizaji wakiwemo. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, nyimbo nyingi zikarekodiwa kwenye tepu pale Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Hakuna aliyebanwa na dakika chache za upande mmoja wa santuri, ndiyo maana unakuta kibao kina dakika saba na chemko ndefu mwishoni, yaani ile sehemu wimbo unapochangamka watu wacheze.

Mimi nilichokipata huko ni mazoezi. Kiongozi wetu alikuwa ananyamazisha bendi yote, anatuacha mimi na mpiga second solo peke yetu. "Mnakanyagana," anasema, "rudieni." Tunarudia mpaka kila gitaa lipate nafasi yake. Kuna chemko moja ilitumaliza wiki nzima, na kwenye mshahara wetu hakuna aliyekatwa hata senti kwa kuchelewa huko.

Mwaka jana kijana mmoja kaniita studio Sinza. Biti ilishakuwa tayari. Nikapiga kipande kifupi mara mbili, prodyuza akasema, "Inatosha mzee, hiyo nitairudia mwenyewe kwenye kompyuta." Dakika ishirini, nikalipwa, nikapanda daladala. Wimbo ulitoka mzuri na binti yangu anauimba jikoni. Ila kile kipande changu kinajirudia vilevile mpaka mwisho. Kwenye bendi, mzunguko wa tatu ningekibadilisha, kwa sababu mwimbaji angevuta neno, mpiga tumba angejibu, na mimi ningewafuata. Hilo linaniuma kweli. Prodyuza simlaumu, maana kumlipa kila mpigaji wiki nzima ya mazoezi atatoa wapi?

Kuhusu mashairi, sikubaliani na waliochangia hapo juu kwamba ya zamani ndiyo yalikuwa na maana kuliko ya sasa. Marijani Rajabu, mwimbaji wa dansi, alisimulia maisha ya watu, na Professor Jay, msanii wa Bongo Fleva, akaja kuyasimulia kwa mtindo wa kizazi chake. Na zamani pia zilikuwepo nyimbo mbovu, nyingine nimezipiga kwa mikono yangu. Hazichezwi tena, ndiyo maana tunadhani zote zilikuwa kali.

Mleta mada, weka spika za masikioni, chagua kibao chochote cha Sikinde cha miaka ya 80. Chemko ikianza, waache waimbaji, fuata rhythm peke yake mpaka mwisho. Kisha rudia ukifuata besi, usikilize inavyowapisha wapulizaji wanapoingia.