Mkuu usimpime mama jeni ya Alzaima kabla hujampima vitamini B12

Weka chini hicho kikopo cha mate cha kupimia jeni. Umesema mama ana miaka 68, anarudia maswali, anasahau alipoweka vitu, na unataka umpime APOE, jeni inayohusishwa na Alzaima, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, ili "tujue moja". Hapo kwenye kujua moja ndo nilipoliwa mimi.

Sisi tulimpima mama yetu, majibu yalirudi ana nakala moja ya E4, ile aina ya APOE inayoongeza hatari. Aliyetuuzia kipimo, anajiita mshauri wa jeni kumbe muuza vidonge tu, akatukazia macho akasema poleni, hii ndo Alzaima yenyewe. Tukaamini! Kikao cha ukoo kikakaliwa, watu wakalia, nani atakaa na mama, na hospitali hatukurudi tena maana si jibu tunalo. Mama akawa analalamika miguu ina ganzi, akitembea anahisi anakanyaga pamba, sisi tunamwitikia "ndo huo ugonjwa mama". Mtu anataja dalili kwa mdomo wake mwenyewe, wasomi wake wanamjibu kromosomu.

Karibu mwaka ukapita, daktari mmoja kijana, karatasi ya jeni wala hakuigusa, akauliza metformini, dawa ya sukari, ameanza lini. Miaka na miaka, ana sukari. Akapima damu, B12 iko chini kabisa. Metformini ya muda mrefu inaweza kushusha B12, na ikipungua sana neva na ubongo vinaumia, mtu anasahau, anachanganyikiwa, anapata ganzi. Juu yake kila jioni alikuwa anameza vile vidonge vya mafua vya kuleta usingizi, na hivyo kwa mzee vinavuruga kichwa vibaya mno. Zikaanza sindano za B12, vidonge vya mafua vikatupwa, kumbukumbu ikarudi sehemu kubwa, sasa ananidai hadi hela nilizojua kashasahau hahaha. Ila miguu haikurudi. Neva zikikaa muda mrefu bila B12 nyingine hazifufuki, na muda wenyewe tuliumalizia kulilia APOE. Yule jamaa bado anauza vikopo vyake.

APOE iko kromosomu ya 19, kila mtu ana nakala mbili, na E4 inapandisha uwezekano tu: nakala moja kama mara 2 hadi 3, mbili kama mara 8 hadi 12. Wapo wenye mbili wamezeeka na akili zao timamu, na wagonjwa kibao wa Alzaima hawana hata moja. Jeni ambazo ukirithi kosa lake karibu lazima uugue ni APP, PSEN1 na PSEN2, chini ya asilimia 1 ya wagonjwa, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 65. James Watson mwenyewe, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, jenomu yake ilipochapishwa 2008 aliomba APOE ifichwe. Watson kaogopa, wewe unaagiza mtandaoni.

VINAVYOTIBIKA KWANZA. B12, thairoidi, sukari, mkojo kama kuchanganyikiwa kumeanza ghafla, picha ya kichwa kama aliwahi kuanguka, na sonona maana kwa wazee inajifanya kusahau. Dawa zote tia mfuko mmoja, hadi za kujinunulia, mmwagie daktari mezani.

Uliuliza na vyakula, sijui na watoto wako kupimwa, hayo nitarudi. Kwanza sema, mama anameza nini kila siku na tangu lini?