Emblem vipande vinne au 2+2 kwa Xiangling? Tupige hesabu kwanza

Mkuu, swali lako la mchezo wa Genshin Impact, kwamba mhusika wako Xiangling avae seti ipi ya vipande vya kuongeza nguvu, limejibiwa haraka mno huko juu. Umesema una Xiangling aliyevaa seti kamili (vipande vinne) ya Emblem of Severed Fate, ER (kasi ya kujaza nishati) 205%, kriti 48% kwa 98%, yaani nafasi ya pigo la kriti kutokea na demeji linaloongeza. Pembeni una vipande viwili vya Crimson Witch na viwili vya Noblesse Oblige, ER 186%, kriti 61% kwa 124%. Silaha ni ileile The Catch ya R5 (imeimarishwa hadi mwisho), kikombe kilekile cha Pyro (elementi ya moto), na ATK (nguvu ya shambulio) zinalingana. Wadau wengi wamekwambia "Emblem, mjadala umefungwa." Mimi Xiangling nipo naye tangu nilipopewa bure kwenye ghorofa ya 3 ya Spiral Abyss, na kwa namba hizo ulizoweka sikubaliani nao.

Bonasi za demeji hujumlishwa zenyewe kwa zenyewe kwanza, ndipo jumla yake inazidishwa na mengine. Kikombe cha Pyro kikipandishwa hadi +20, mwisho wake, kinakupa 46.6%. The Catch ya R5 inaongeza 32% kwenye ulti (shambulio kuu la mhusika). Kabla hujavaa seti yoyote una 78.6%, yaani unazidisha kwa 1.786. Emblem vipande vinne inachukua robo ya ER yako na kuigeuza kuwa demeji ya ulti, mwisho wake 75%. Kwa ER 205% unapata 51.25%. Mtu akiiona namba hiyo anadhani demeji itapanda kwa nusu, lakini kinachotokea ni 1.786 kuwa 2.2985, ongezeko la 29% hivi. Sasa weka mchanganyiko wako: Witch viwili 15% ya Pyro, Noblesse viwili 20% ya ulti, jumla 35%. Unafika 2.136. Ukilinganisha seti kwa seti, Emblem inaongoza kwa asilimia 7 au 8 tu.

Baada ya hapo kriti ndiyo inaamua. Wastani wake ni 1 kujumlisha asilimia ya kriti mara demeji ya kriti. Upande wa Emblem unapata 1.47. Upande wa 2+2 unapata 1.756. Zidisha kila mmoja na bonasi yake: Emblem 3.38, mchanganyiko 3.75. Mchanganyiko uko mbele kwa 11%.

Na angalia jinsi ile 7% inavyopotea kirahisi. Kriti ya 60% kwa 120% ina wastani wa 1.72, ya 55% kwa 110% ni 1.605. Pengo hilo peke yake linatosha kuimaliza. Sifa ndogo (namba za nyongeza ndani ya kipande) ya kriti ikipanda mara moja inakupa kati ya 2.7% na 3.9%, demeji ya kriti kati ya 5.4% na 7.8%. Kwa hiyo tunazungumzia kupanda mara tatu hivi kwenye vipande vyote vitano. Ndiyo maana kusema "seti fulani ni bora" bila kuangalia kilicho ndani ya vipande hakumsaidii mtu.

Upande wa Emblem una hoja moja ya haki, nayo ni ER. Vipande viwili vya kwanza vinatoa 20%, na ulti ya Xiangling inagharimu nishati 80, kubwa kweli. Pyronado, yaani hiyo ulti yake, isipokuwa tayari, hesabu yote hiyo ni sifuri. Kwa hiyo jaribu hivi: cheza mizunguko mitatu minne mfululizo na timu yako halisi, usimpige bosi mmoja mara moja ukaondoka. Kama Bennett, msaidizi wa Pyro kwenye timu, anamrushia chembe za nishati za Pyro na ulti inarudi kila sekunde 20 ikipoa, ER 186% inatosha, baki na 2+2. Ukijikuta unasubiri, rudi Emblem bila kujiuliza. Na usihukumu kwa namba kubwa moja iliyotokea kwenye skrini. Hiyo ni kriti imekubali, siyo wastani.

Kuna mdau amependekeza Gladiator viwili kwa ajili ya ATK 18%. Hapana. Asilimia hiyo inahesabiwa kwenye ATK ya msingi tu, ya Xiangling na silaha yake, ambayo kwa level 90 ni kama 735. Unapata 132. Bennett akishamwaga ulti yake, ATK yako jumla iko kwenye 2,300 hivi, kwa hiyo 132 haifiki hata 6%. Bila Bennett ningekuelewa.

Kwa wasaidizi mambo yanageuka kabisa, na hapo ndipo naona watu wanapoteza resini (akiba ya kulipia zawadi za domeini, mahali pa kutafutia vipande) bure. Sucrose, msaidizi wa upepo, mwenye seti ya Viridescent Venerer vipande vinne anashusha ukinzani wa adui kwa 40%. Adui wengi wana 10% ya Pyro, kwa hiyo unashuka hadi hasi 30%, na ikishuka chini ya sifuri hesabu yake ni nusu. Kizidisho kinatoka 0.9 hadi 1.15, karibu 28% zaidi kwa Pyro yote ya timu, hata kama vipande vya Sucrose vina sifa mbovu za ulinzi. Bennett na Noblesse vinne ni vivyo hivyo: ATK 20% kwa timu nzima, sekunde 12. Mpe ER na HP, basi. Ila usimvalishe mwingine Noblesse vinne kwenye timu hiyohiyo, bonasi hiyo haijirudii.

Resini inarudi 1 kila dakika 8, 180 kwa siku, safari 9 za domeini. Kikombe cha elementi unayoitaka kinatoka mara 5 kati ya 100 ya vikombe. Kwa hiyo ukiamua kuendelea na Momiji-Dyed Court, domeini inayotoa Emblem, usikisubiri kikombe cha Emblem. Kikombe cha Pyro cha seti yoyote ndicho kiwe kile kipande cha tano, na utafute ua, unyoya, saa na taji tu. Noblesse usiifuate domeini kabisa. Vipande vibovu vya nyota 5 utakavyorudi navyo, badilisha vitatu kwa kimoja kwenye boksi la kubadilishia vipande, upande wa Noblesse, Bennett atapata seti yake humo humo. Taji la kriti la Emblem lenye sifa moja nzuri likidondoka, weka namba mpya hapa tuzidishe tena.