Barua kwa mwanangu: Alikiri ng'ombe, hakukiri kosa

Mwanangu Kabula,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili usiku ule, kisha nikaweka simu chini. Hasira yako naielewa. Kijana uliyemfundisha kazi kwa mkono wako amebeba ovaloki yako, ile cherehani ya kushonea kingo za nguo, usiku, imekutwa chumbani kwake, na alipopandishwa kizimbani akasema watu wote wakisikia, "Ni kweli nimeichukua, sijalipwa miezi mitatu." Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana kosa. Ndipo ukaniuliza: "Mama, umekaa mahakamani miaka 27. Mtu akishafanya na akakiri, hatia inatafutwa wapi tena?"

Nitaanza na ng'ombe mmoja, maana jibu la swali lako nilifundishwa naye, na sikufundishwa kwa upole.

Nilikuwa karani mgeni katika mahakama ya wilaya, natafsiri Kisukuma kwenda Kiswahili. Mzee mmoja alishtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Aliposomewa shtaka alisema maneno mengi: kwamba ng'ombe kweli alikutwa zizini kwake, kwamba alimnunua mnadani mchana kweupe, kwamba aliyemuuzia hakuwa akimfahamu. Mafaili yalikuwa bado mengi mezani na jua limeshapinda. Nikatafsiri maneno mawili tu: "Ni kweli." Yaliposomwa maelezo ya kosa na mzee kutakiwa aseme kama anayakubali, mimi kwa haraka zangu nilimuuliza, "Ng'ombe alikutwa kwako?" Akaitikia. Akafungwa. Miezi saba ilipita kabla Mahakama Kuu haijafuta hukumu ile, na siku alipotoka sikuwa na ujasiri wa kwenda kumwamkia.

Tazama nilichomfanyia. Kosa la kupokea mali ya wizi halimo zizini, limo katika kujua. Ulipompokea yule ng'ombe, ulijua ameibwa, au ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo? Hilo mzee hakulikiri hata kidogo. Alikiri ng'ombe, hakukiri kosa.

Kumbe sheria ilikuwa imeshatukanya muda mrefu. Mwaka 1942, katika kesi ya Yonasani Egalu na wenzake, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilielekeza kwamba mshtakiwa anayeelekea kutiwa hatiani kwa kukiri kwake aelezwe kila kipengele cha kosa, na aseme kama anakikubali au anakikataa, kimoja kimoja. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, mahakama hiyo ikapanga utaratibu wenyewe: asomewe kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa akipinga jambo la msingi au akiongeza neno linalolegeza ukiri wake, iandikwe kuwa amekana. Hakimu wako hakumpendelea kijana. Alisikia "sijalipwa miezi mitatu", akajua kalamu haiwezi kuendelea.

Sasa uniulize, deni la mshahara linaingiaje kwenye wizi? Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu kinachoeleza maana ya wizi. Kuchukua peke yake si wizi. Ni lazima uchukue kwa hila na bila kudai haki juu ya kitu hicho. Na kifungu cha 9 kinasema aliyegusa mali kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki nayo, bila nia ya kudanganya, habebi kosa la jinai kwa hilo.

Lakini usidhani kijana ameshatoka. Kifungu hicho hicho cha wizi kinahesabu kuwa hila pia nia ya kukitumia kitu kama rehani. Akisema, "Niliishika ovaloki mpaka anilipe," mwendesha mashtaka ataliokota neno hilo upesi. Basi swali linabaki ndani ya kichwa chake usiku ule: aliamini kweli kwamba ni haki yake, au deni amelikumbuka alipokamatwa? Mbona alichukua usiku? Mbona hakukuambia? Hayo ndiyo yatakayoulizwa, na ni maswali ya haki kabisa.

Usichanganye hilo na njaa. Angesema, "Nilichukua kwa sababu watoto wangu hawajala," hiyo ingekuwa sababu iliyomsukuma, na kifungu cha 10 kinasema sababu ya namna hiyo haibadilishi hatia, isipokuwa pale sheria iliposema wazi. Moyo wangu haujawahi kulizoea jambo hilo. Nimeona mama akitiwa hatiani kwa debe la mahindi, na huruma ikamfikia kwenye adhabu tu.

Na nani wa kuthibitisha kilichokuwa kichwani mwake? Si yeye. Huko Uingereza kijana wa shamba wa miaka 21, Reginald Woolmington, alimpiga mkewe risasi mwaka 1934, akasema bunduki ilifyatuka yenyewe. Jaji akaliambia jopo la raia walioamua kesi kwamba kifo kikishaonekana, ni juu ya kijana kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 majaji wa juu kabisa wakamwachia, na mmoja wao, Lord Sankey, akauita wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hatia uzi wa dhahabu. Mahakama zetu zinaushika uzi huo mpaka leo, na Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Kwa hiyo mtaani kwenu mkianza kumwita mwizi kabla ya hukumu, Kabula, mnakosea.

Hatia ni neno la Kiarabu kwa asili, na huko lina maana ya dhambi. Labda ndiyo maana tunalisikia moyoni kabla ya kulisikia mahakamani. Mimi kwa yule mzee hakuna hati ya mashtaka iliyowahi kuandikwa. Sikukusudia mabaya, nilikuwa na haraka. Mbele ya sheria sina hatia. Lakini kila nikipita mnadani namwona amesimama kizimbani, ananitazama mdomo nikimsemea, akiamini nimeyafikisha yote.

Nawe umeniandikia ujumbe mrefu vile na hukusema kama ni kweli hakulipwa. Kutolipa mshahara hakumpi mtu ruhusa ya kubeba ovaloki, na sisemi wewe ndiye mshtakiwa. Ila utaitwa kutoa ushahidi, na utaulizwa. Jibu kama ilivyo, hata kama jibu litamfaa yeye.

Nitapanda basi la Jumapili kutoka Kahama, nije tukae kabla ya tarehe ya kesi. Lile daftari la bluu unaloandikia mishahara ya mafundi usilifiche, liweke pamoja na risiti ya ovaloki.

Mama yako.