Usikate kadibodi hiyo kabla hujaandika swali

Weka mkasi chini kwanza. Umeandika kwamba muhula ujao wanafunzi wako wa kidato cha pili watatumia wiki sita kujenga modeli ya kadibodi ya ramani nzima ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, pamoja na volkano itakayotoa povu la siki na magadi, ili jiografia wajifunze kwa vitendo. Kisha ukauliza ni vifaa gani vinafaa, makundi yawe na watu wangapi, alama zigawanywe vipi na historia iingie wapi. Nilifanya jambo hilohilo, kwa wiki sita hizohizo, na siwezi kunyamaza nikikutazama unaelekea kwenye shimo ambalo mimi nilitoka nikichechemea.

Ramani yetu ilikuwa ya skeli ya 1:50,000, yaani sentimita moja ya ramani ni nusu kilomita ardhini, na tofauti ya kimo kati ya kontua moja na inayofuata ilikuwa mita 20. Kwa skeli hiyo, mita 20 ni milimita 0.4 tu, ilhali kadibodi tuliyokuwa nayo ilikuwa na unene wa milimita 4. Kila tabaka tulilobandika, basi, liliikweza ardhi mara 10 kuliko ilivyo, na hakuna aliyelibaini hilo, mimi nikiwa wa kwanza miongoni mwa wasiobaini, kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa kwenye gundi iliyokataa kukauka. Kilima kinachopanda mita 200 katika umbali wa kilomita 1, ambacho mzee mwenye mkongojo angekimaliza kwa kupumzika mara mbili tatu, kilisimama mezani kama pembe ya kifaru. Mteremko wa nyuzi 11 ulikuwa umegeuka kuwa wa nyuzi 63. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakatusifu, nami nikazipokea sifa zote bila kubakiza.

Mwisho wa muhula niliwapa ramani ileile katika mtihani, nikawataka wakokotoe mteremko wa kilima kilekile na waeleze kwa nini barabara imekizunguka. Wengi waliiacha ramani iliyokuwa mbele ya macho yao wakajibu kutokana na modeli waliyoikumbuka, maana kitu ulichokijenga kwa mikono yako huwezi kukisahau kwa urahisi, hata kikiwa cha uongo. Mmoja alieleza kwa hati safi na kwa kujiamini kabisa kwamba gari likijaribu kupanda pale litaanguka kinyumenyume. Nilimkosoa kwa wino mwekundu, ingawa aliyemfundisha hivyo ni mimi. Ilinibidi nirudie mada nzima ya usomaji wa ramani, safari hii kwa penseli na rula, na vipindi nilivyovitumia kurudia nilivikata kutoka kwenye mada nyingine ambazo mpaka leo sikuwahi kuzifidia.

Aliyenituma huko alikuwa mwezeshaji mmoja wa semina, mtu mwenye sauti nzuri, aliyetuonyesha piramidi ya rangi iliyodai kwamba mwanafunzi hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na asilimia 90 ya anachotenda. Piramidi hiyo huhusishwa na Edgar Dale, na nilipokuja kufuatilia, huku mkono ukiwa bado na gundi, niligundua kwamba mchoro wake wa mwaka 1946 haukuwa na asilimia hata moja. Namba hizo zilibandikwa na watu wengine baadaye. Mwezeshaji alituambia kwamba mikono ikifanya kazi, akili itafuata yenyewe. Haikufuata. Aliyekuwa hodari wa kukata alikata kwa wiki sita, aliyekuwa hodari wa kupaka rangi alipaka, na waliosalia walishika kopo la gundi kwa zamu, kwa nidhamu ya kuigwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na naing'ang'ania hata wenzangu ofisini wakinicheka: mwanafunzi asiguse kifaa chochote kabla hajaandika swali ambalo jibu lake litatokana na kukigusa. Ukiipima volkano yako kwa kanuni hiyo, inaanguka papo hapo. Povu la siki na magadi linajibu swali la kemia, kuhusu asidi inavyokutana na besi na kutoa kaboni dioksidi. Volkano halisi hulipuka kwa sababu gesi zilizoyeyuka ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hutoka pale mgandamizo unapopungua magma ikipanda. Chupa ya soda iliyotikiswa, ikafunguliwa ghafla, iko karibu zaidi na ukweli kuliko mlima wako wote wa udongo, na haihitaji wiki sita.

Umeuliza pia historia iingie wapi. Chukua mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1854 katika eneo la Soho, London. Wape wanafunzi ramani ya mitaa pamoja na vifo alivyovirekodi daktari John Snow, wavitie alama nyumba kwa nyumba wakiwa na swali moja: ugonjwa unatoka wapi? Alama zitajazana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Hapo usiwaruhusu washangilie. Waulize kwa nini nyumba moja ya kutunzia maskini, iliyokuwa karibu na pampu hiyo na yenye wakazi 535, ilipoteza watu watano tu; wakigundua wenyewe kwamba ilikuwa na kisima chake cha ndani, wamefanya historia na jiografia kwa pamoja, kwa karatasi na penseli, katika vipindi viwili. Wakishazoea, waambie kwamba Snow mwenyewe alikiri kuwa maradhi yalikuwa yameanza kupungua kabla mpini wa pampu haujaondolewa ili watu wasichote maji yake, uone watakavyobishana juu ya nini hasa kilichowaokoa watu.

Kama kadibodi umekwisha kuinunua, usiitupe. Kata kilima kimoja tu, kisha uliza kama mtu aliyesimama upande huu anamwona aliye upande wa pili. Swali hilo haliharibiwi na unene wa kadibodi, kwa sababu vimo vyote vikizidishwa kwa kiasi kilekile, mstari ulionyooka hubaki umenyooka. Lakini mteremko usithubutu kuupima hapo. Waandike kwanza jibu wanalolikisia kutoka kwenye ramani, wachore sehemu mkato, yaani umbo la kilima kikitazamwa kwa ubavu kana kwamba kimekatwa, ndipo wavute uzi kutoka nukta moja hadi nyingine juu ya modeli. Uzi ukigusa kadibodi katikati, watu hao hawaonani.