Mpera umepita paa, mapera yana funza, na jemu haigandi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mpera uliojiotea wenyewe, umetimiza miaka sita na kilele chake kimeshapita paa la nyumba. Unazaa, ila mapera yako juu kabisa, ni madogo, na yakidondoka nikiyapasua nakuta funza weupe. Mwaka jana nilikata matawi yote manene kwa siku moja nikidhani nausaidia. Ukatoa majani tele na fito zilizonyooka kwenda juu, ua hata moja sikuliona msimu mzima. Mapera machache niliyoyaokoa, tena yale yaliyoiva vizuri kabisa, niliyapikia jemu. Nimechemsha saa nzima na bado ikabaki majimaji. Je, niung'oe nipande mwingine? Kuna dawa ya kupuliza? Na kwa nini jemu haigandi, wakati husemwa kuwa pera hujigandisha lenyewe?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msimu uliokupita. Usiung'oe. Mpera wa miaka sita una mizizi ambayo mche mpya utaihangaikia miaka mitatu au minne, na kosa lililofanyika linarekebishika.

Suala la funza na suala la jemu yanaonekana mbalimbali, lakini kwa kiasi kikubwa yana jibu moja, nalo limo katika maneno mawili tunayoyachanganya: pevu na bivu. Pera pevu limemaliza kukua, bado ni gumu. Pera bivu limelainika na kunukia. Kati ya hatua hizo mbili kuna siku chache tu, na ndizo siku ambazo nzi wa matunda hulitamani zaidi, na ndizo siku ambazo ule ugandishaji unaousikia huanza kuyeyuka ndani ya tunda. Wewe umekuwa ukingoja mpaka pera liive mtini. Nataka uanze kuyachuma yakiwa mapevu. Ila huwezi kuchuma pera pevu kwa wakati wake ikiwa liko juu ya paa, kwa hiyo kwanza tuushushe mti.

Mpera kwa asili yake ni kichaka. Ukiachiwa hurefuka, ukishikwa mapema hukubali kukaa kimo cha mita mbili hadi mbili na nusu maisha yake yote, na hauzai vibaya kwa kuwa mfupi. Siri yake ni kwamba hauchanui kwenye tawi la zamani lenyewe. Huchanua kwenye kitawi kipya, kile kinachochipuka kutoka tawi lililokomaa.

Nenda kashike kitawi kichanga kimoja. Kipitishe kati ya vidole vyako, utahisi pembe nne, si mviringo. Majani yake yamekaa mawili mawili yakitazamana. Sasa hesabu kuanzia pale kilipochomoza: kwapani mwa majani ya jozi ya kwanza mpaka ya nne ndipo vitumba vya maua hukaa, kimoja kimoja au vitatu pamoja. Kitawi kikipita hapo bila kitumba, mara nyingi kitaendelea kutoa majani tu. Mkulima anayejua kuhesabu hizo jozi nne hujua miezi kadhaa kabla kama atavuna au hatavuna.

Ulipokata matawi manene yote kwa pamoja, mti ulibaki na mizizi mikubwa inayolisha kichwa kidogo. Ukatumia nguvu hiyo yote kurudisha majani, na zile fito zilizonyooka ndiyo dalili yake. Usizikate zote tena, utarudia yaleyale. Chagua nne au tano zilizoachana vizuri kuuzunguka mti, nyingine uziondoe kabisa zinapotokea, bila kuacha kisiki. Hizo ulizobakiza, zingoje mpaka gome lake ligeuke kahawia na pembe nne zipotee, kisha kata theluthi ya juu ya kila moja. Kutoka hapo vitachipuka vitawi vya pembeni, na hivyo ndivyo vya maua. Fito iliyo ndefu na bado inapindika, ivute chini taratibu uifunge kwa kamba kwenye kigingi, ilale karibu sambamba na ardhi. Ncha ikishaacha kuwa juu ya wenzake, macho ya pembeni huamka. Mimi hupenda kuinamisha kuliko kukata, kwa sababu mti haupotezi chochote.

Kama bado kuna matawi marefu manene, shusha moja kwa msimu, si zaidi ya theluthi ya kichwa cha mti kwa mara moja. Shina lililokuwa kivulini likianikwa ghafla juani huungua gome. Lipake chokaa iliyochanganywa na maji. Fanya kazi hii baada ya mavuno, mti ukiwa karibu kupata maji ya kutosha. Kwa kawaida maua huonekana wiki 10 hadi 12 baada ya kupogoa, na pera huchukua miezi minne au mitano kutoka ua hadi kukomaa, zaidi kidogo penye ubaridi. Kwa hiyo hesabu miezi saba au minane kutoka mkasi hadi kapu. Ukitaka mapera yasije yote kwa wiki mbili, pogoa nusu ya matawi leo na nusu nyingine miezi miwili baadaye.

Udogo wa mapera una sababu zaidi ya moja. Penye matatu pamoja, ondoa mawili yakiwa saizi ya njegere. Mwagilia kwa kina wakati tunda linakua, maana mpera huvumilia ukame lakini tunda halivumilii, hudumaa au hudondoka. Weka samadi iliyooza na matandazo chini, mbali kidogo na shina. Usizidishe mbolea ya kukuzia, utapata majani tena. Ila ujue kwamba mpera wa mbegu haufanani na mama yake kila mara. Ikiwa baada ya misimu miwili ya matunzo bado mapera ni madogo, basi ndivyo ulivyozaliwa, na hapo tafuta mpera mzuri uoteshe tawi lake. Unamenya gome kwa upana wa sentimita tatu hivi kulizunguka tawi lenye unene wa penseli, unalifunika kwa maranda au mboji yenye unyevu, unalifunga kwa plastiki, na mizizi ikijaa unalikata na kulipanda.

Sasa funza. Chukua pera moja lililodondoka na ulitazame kabla ya kulipasua. Utaona kitundu kama kilichochomwa kwa pini, na kukizunguka duara laini lililobadilika rangi. Hapo ndipo nzi jike alipochoma na kutaga mayai chini ya ganda. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, mabuu hula nyama wiki moja au mbili, tunda linadondoka, nao hutoka na kujifukia kwenye udongo wa juu hadi wageuke nzi. Kizazi kipya hupanda mti uleule.

Ndiyo maana siipendekezi dawa ya kupuliza. Buu amekaa katikati ya tunda, dawa nyingi hazimfikii. Itakaowafikia ni nyuki, na mpera huzaa vizuri zaidi ukitembelewa na nyuki. Tena mpera mara nyingi hubeba maua na matunda kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku utakayochagua kupuliza huenda ikawa siku ya maua.

Mti ukishakuwa mfupi, dawa yako ni mfuko. Pera likifika saizi ya ndimu, lingali kijani kibichi, livishe mfuko wa karatasi na ufunge mdomo wake kwenye kitawi, si kwenye kikonyo ambacho hukatika kwa urahisi. Likague kwanza, ukilivisha lenye kitundu unamlinda buu. Ni kazi ya mkono, kweli, lakini kwa mti mmoja ni ya asubuhi mbili au tatu, na sijaona njia inayoishinda kwa bustani ya nyumbani. Mitego yenye kivutio cha madume husaidia pale majirani wote wanapoitundika. Kwa mti mmoja peke yake, jike aliyekwisha kupandwa kwingine atakuja kutaga hapo hapo.

Mapera yaliyodondoka okota kila siku, usiyaache yalale. Yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge kabisa, uuache juani wiki mbili, au yafukie kina cha nusu mita. Usiyatupe kwenye shimo la mboji wala porini. Mpera huenea upesi kupita kiasi kwa mbegu zinazobebwa na ndege na wanyama, na katika visiwa vya Galápagos umegeuka gugu linalosumbua mimea ya asili.

Kisha ndiyo kuchuma. Pera pevu hujulikana kwa rangi, kijani kilichokolea hupauka na kuelekea umanjano, na ganda lililokuwa na mikwaruzo hunyooka na kung'aa. Ukilibonyeza bado ni gumu. Chuma na kipande cha kikonyo. Pera huendelea kuiva likishachumwa, kwa hiyo ndani ya nyumba litakuwa bivu baada ya siku tatu hadi tano, mbali na nzi. Lisiingie kwenye friji likiwa gumu, ubaridi mkali hulizuia kuiva sawasawa na kulitia weusi ndani. Likishaiva, liweke humo.

Na hapo ndipo tunafika kwenye sufuria yako. Kinachogandisha jemu ni pektini, ile gundi inayoshikanisha chembe za tunda. Pera pevu lina pektini nyingi na yenye nguvu. Likiiva, vimeng'enya vya tunda lenyewe huikatakata ili nyama ilainike. Ulaini unaoufurahia mdomoni ndiyo pektini iliyokatika. Kwa hiyo ulichagua mapera mazuri ya kula, na kwa jemu ndiyo dhaifu kuliko yote. Changanya sehemu tatu za mapevu na sehemu moja ya mabivu. Mapevu yatagandisha, mabivu yataleta harufu.

Pektini haishikani bila uchachu na sukari ya kutosha. Chemsha vipande na maji kiasi cha kuvifunika tu, kama nusu saa, mpaka vilainike. Pitisha kwenye chujio kuondoa mbegu. Kwa kila kilo ya rojo, tia gramu 800 hadi kilo moja ya sukari na vijiko vikubwa vitatu au vinne vya maji ya ndimu. Kisha moto mkali, sufuria pana, na usipike zaidi ya kilo mbili kwa mara moja. Ile saa nzima uliyochemsha, kama sukari ilishaingia, ilizidi kuivunja hata pektini kidogo iliyobaki. Kwa kipimajoto, jemu iko tayari ikifika nyuzi 4 hadi 5 juu ya joto ambalo maji huchemkia hapo ulipo. Bila kipimajoto, weka sahani kwenye friji mapema, dondosha kijiko kimoja juu yake, ngoja dakika moja, usukume kwa kidole. Ikijikunja kama ngozi, epua.

Ukitaka kujua nguvu ya pektini kabla hujatia sukari, poza kijiko kidogo cha maji ya mapera hayo yaliyochemka, kitie kwenye bilauri na kijiko kikubwa cha spiriti ya kusafishia vidonda, ukitikise polepole. Donge moja likishikana, endelea. Vikiwa vipande vipande vidogo, ongeza mapevu. Mchanganyiko huo umwage, haunyweki.

Usiyapike yote, lakini. Gramu 100 za pera lisilopikwa zina takriban miligramu 228 za vitamini C, chungwa lina kama 53, na sehemu nzuri ya vitamini hiyo hupotea motoni. Machache yale na ganda lake.

Jemu yako iliyokataa kuganda, kama bado iko na haijachacha wala kuota ukungu, haijaharibika. Chemsha mapera mapevu machache, chuja maji yake, tia kikombe kimoja kwa kila vikombe vinne vya jemu pamoja na kijiko kikubwa cha maji ya ndimu, uirudishe kwenye moto mkali kwa dakika chache na kuipima kwa sahani baridi. Ikikataa bado, ichuje uihifadhi kama sharubati nzito ya kuchanganya na maji.